Kimya cha Mwenye Zamu

Kila aliyepitia shule zetu anamjua mwalimu wa zamu. Kwa juma zima ndiye anayesimamia kengele, ndiye anayehesabu wanafunzi mstarini, ndiye anayechungulia jikoni kuona kama maharage yameiva, na usiku ndiye anayegongewa mlango mtoto akishikwa na homa. Nyuma yake huwapo msaidizi wa zamu, ambaye kazi yake hasa ni kukaa tayari bila kufanya lolote, mpaka yule wa kwanza ashindwe. Nimeishi na utaratibu huu zaidi ya miaka thelathini, kuanzia chuo cha ualimu hadi ukuu wa shule, na katika miaka hiyo yote sikuona ugumu wa kumpata msaidizi. Ugumu ulikuwa mahali pengine. Msaidizi atajuaje kwamba mwenye zamu ameshindwa? Akiugua na kutuma habari, hakuna neno. Lakini je, akinyamaza tu?

Katika shule moja niliyofundisha nikiwa kijana, mkuu wetu alikwenda wilayani, mvua ikanyesha, mto ukafurika, na kwa siku tatu hakuna aliyejua alipo. Siku ya nne makamu wake alifanya kilichompasa: alikalia kiti, akatangaza kwamba mitihani ya muhula ingeanza Jumatatu. Kumbe mkuu alikuwa mzima wa afya ng'ambo ya mto, na asubuhi ileile alikuwa ofisini kwa afisa elimu akikubaliana naye kwamba shule ifungwe mapema kwa sababu ya mafuriko. Wazazi wa ng'ambo ile wakaanza kutafuta nauli za watoto, ilhali watoto wenyewe walikuwa wakikesha na vitabu. Makamu hakukosea, wala mkuu hakukosea. Kila mmoja alitenda kwa haki kutokana na alichokijua. Ila kwa muda wa siku mbili shule moja ilikuwa na wakuu wawili, na ilituchukua majuma kadhaa kuyanyoosha yaliyopindika katika siku hizo mbili.

Sikutazamia kwamba uzeeni ningekutana tena na jambo hilihili, safari hii katika mashine.

Msomaji atakuwa amesikia habari za mtambo unaolinda mtandao wa kompyuta wa ofisi usiingiliwe na watu wa nje. Asili ya jina lake la Kiingereza ni ule ukuta ambao wajenzi huuweka kati ya nyumba na nyumba ili moto ukizuka upande mmoja usivuke upande wa pili. Vitabu vyetu vimelitafsiri neno kwa neno, "ukuta wa moto", tafsiri ambayo mimi siipendi, kwa maana anayeisikia kwa mara ya kwanza hudhani ni ukuta unaowaka. Mimi nitasema ngome. Haja ya ngome ilionekana wazi baada ya tarehe 2 Novemba 1988, pale programu iliyoandikwa na mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, Robert Morris, ilipoachiwa katika intaneti ya wakati ule na, kwa makadirio yaliyozoeleka, ikaingia katika kompyuta kama 6,000 kati ya 60,000 zilizokuwapo. Kabla ya hapo walikuwapo wachache waliokuwa wakichuja kinachopita. Baada ya hapo likawa jambo la lazima. Mwaka 1994 William Cheswick na Steven Bellovin wa maabara za Bell, zilizokuwa za kampuni ya simu ya AT&T, walitoa kitabu kizima juu ya ngome hizi, na kikasomwa sana na mafundi wa fani hiyo.

Sasa, ngome ikiwa ndiyo lango pekee la mji, siku ikizimika watu wote wamefungiwa ndani. Ndipo wakaanza kuweka ngome mbili: moja yenye zamu, nyingine inayongoja. Ile yenye zamu hupitisha na kuzuia, na wakati huohuo humnong'oneza mwenzake orodha ya mazungumzo yote yanayopita, ili ikianguka mwenzake aendelee pale ilipoachia. Juu ya hayo, kila kitambo kidogo hutuma ujumbe mfupi usio na maana nyingine isipokuwa "nipo". Mafundi huuita mapigo ya moyo. Kanuni iliyochapishwa Aprili 1998 kwa jina la VRRP, iliyotungwa kwa ajili ya mashine zinazoelekeza njia za mtandao na kuigwa au kuazimwa na ngome nyingi, inasema kwa kawaida ujumbe huo hutumwa kila sekunde moja, na anayengoja akikaa muda wa mapigo matatu na sehemu ya nne bila kuusikia, huhesabu kwamba mwenye zamu amekufa, hujitwalia anwani yake na kuanza kazi.

Sekunde tatu na kitu! Makamu wetu alingoja siku tatu na bado akakosana na ukweli.

Kwa maana kimya kina sababu nyingi, na kifo ni mojawapo tu. Huenda mwenye zamu yu hai lakini waya unaobeba mapigo yake umelegea. Huenda kazi zimemzidi hadi anachelewa kusema "nipo". Huenda swichi iliyo kati yao imezimwa na kuwashwa; nyingi za aina ya zamani, kwa kanuni yao ya asili, hukaa sekunde 30 zikisikiliza na kujifunza kabla ya kukubali kupitisha chochote, na sekunde 30 kwa anayengoja tatu ni milele. Huenda hata pana jozi nyingine ya mashine jirani iliyopewa namba ileile ya kikundi, zikawa zinasikia mapigo yasiyo yao. Katika hali kama hizo hutokea jambo baya kuliko ngome kufa: ngome zote mbili hushika zamu, zote zikidai anwani moja. Wahenga walikwisha kusema juu ya fahali wawili na zizi moja.

Mpwa wangu ni fundi wa mitandao katika ofisi moja inayopokea malipo ya watu, ambayo sitaitaja. Miaka michache iliyopita alikuja kwangu siku ya Jumapili, akaniamkia, na kabla hajakaa vizuri akaniambia, "Mjomba, zile mashine zinanisingizia." Mara tatu katika mwezi mmoja ngome zao zilikuwa zimebadilishana zamu usiku bila sababu, na kila zilipobadilishana malipo yaliyokuwa njiani yalikatika katikati, pesa imetoka kwa mlipaji na stakabadhi haijafika. Mara zote tatu zamu ya usiku ilikuwa yake. Mkuu wake alikuwa amemwandikia barua ya kujieleza, na mkataba wake ulikuwa unakwisha mwezi uliofuata. Alikuwa na mke na mtoto mchanga. Alikuwa amechapa kumbukumbu za mashine zote mbili, karatasi nyingi, akazitandaza juu ya meza yangu, nadhani kwa kutaka tu mtu wa kumsikiliza.

Mimi si fundi. Ila nilifundisha historia, na zile karatasi nilizitambua mara moja: walikuwa mashahidi wawili wa tukio moja, wasiopatana. Ngome ya pili iliandika, saa 7 na dakika 53 usiku, kwamba haimsikii mwenzake na inashika zamu. Ya kwanza, kwa dakika hiyo, haikuandika lolote. Kwa maelezo yake yenyewe ilikuwa nzima, ikifanya kazi yake kama kawaida. Mpwa wangu alisema walikwisha kushuku kazi ya kunakili mafaili ya ofisi, ambayo huanza saa 8 kamili usiku na kuijaza mitandao pomoni, lakini wakaiondoa katika orodha ya washukiwa. Ilikuwa haiwezekani iwe chanzo cha jambo lililotokea dakika saba kabla yake.

Nikamuuliza, "Hizi saa ni za nani?"

Mwanafunzi wa historia huuliza swali hilo mapema. Mapinduzi ya Oktoba ya Urusi yalitokea tarehe 25 Oktoba 1917 kwa kalenda ya Warusi wa wakati ule, na tarehe 7 Novemba kwa kalenda ya wengine, na asiyelijua hilo atapata majibu yanayotangulia maswali. Na pale ambapo hapakuwa na kalenda kabisa, tulifundishwa kutafuta tukio moja ambalo pande zote zililiona. Mapokeo ya Bunyoro na ya Nkore yanakumbuka jua lililopatwa huko Biharwe, katika Uganda ya leo, wakati majeshi yao yalipokutana. Na kwa kuwa wanajimu wanaweza kuhesabu nyakati za kupatwa kwa jua, wanahistoria wengi wameliweka tukio hilo mwaka 1520, na hapo wakapata kigingi cha kufungia nasaba za wafalme wa pande zote mbili.

Basi tukatafuta jua letu lililopatwa. Lilipatikana ukurasa wa tisa au wa kumi. Juma moja kabla, mchana, mpwa wangu mwenyewe alikuwa amechomoa waya kati ya ngome hizo kwa ajili ya usafi, na kila moja iliandika papo hapo kwamba waya umetoka. Ya kwanza iliandika saa 4 na dakika 20 asubuhi. Ya pili iliandika saa 4 na dakika 12. Saa ya shahidi wa pili ilikuwa nyuma kwa dakika nane, wakati ile ya kwanza ilikwenda sawa na kompyuta inayonakili mafaili. Ongeza dakika nane kwenye saa 7 na dakika 53: ni saa 8 na dakika 1. Ngome ilishika zamu dakika moja baada ya kunakili kuanza.

Mengine alinieleza yeye, na macho yake yalikuwa yamekwisha kubadilika. Mapigo ya moyo yalikuwa yakipita katika waya uleule na swichi ileile inayobebeshwa mafaili usiku. Ujumbe mdogo wa "nipo" ulikuwa ukisongwa kama mtoto katika lango la uwanja wa mpira. Msongamano ulipopungua, zikasikiana tena, na ya kwanza, kwa kuwa ndiyo iliyopewa cheo cha juu, ikamnyang'anya mwenzake zamu. Kwa hiyo malipo yalikatwa mara mbili kwa usiku mmoja. Dawa yake haikuwa kununua mashine mpya, kama mkuu wake alivyokuwa akipendekeza. Mapigo yalipewa waya wao peke yao kutoka ngome hadi ngome, mashine zote zikafuatishwa saa moja, na muda wa kungoja ukarefushwa kidogo. Barua aliijibu kwa kurasa mbili na viambatisho. Mkataba wake uliongezwa; kama ni kwa sababu hiyo au nyingine, sikuuliza.

Tangu hapo nimekuwa nikisoma habari za maanguko ya aina hii, na ninaziona ni historia kamili, zenye nyaraka na ushahidi kuliko vita vingi tulivyovifundisha. Tarehe 15 Januari 1990, saa 8 na dakika 25 mchana kwa saa za New York, mtambo mmoja wa simu za masafa marefu wa kampuni hiyohiyo ya AT&T ulipata hitilafu ndogo, ukajitoa kazini kwa sekunde chache ili kujirekebisha, kama ulivyofundishwa. Kisha ukarudi. Kurudi kwake ndiko kulikoleta msiba. Mitambo jirani, ikiwa bado inaandika kwamba mwenzao amerudi, ilipokea kutoka kwake ujumbe mwingine uliofuata upesi mno, na kosa la mstari mmoja katika programu iliyobadilishwa Desemba 1989 likaifanya nayo ijitoe kazini. Nayo ikarudi, ikawaangusha jirani zake. Mitambo ilikuwa 114, yote ikiwa na programu ileile, na kwa takriban saa tisa karibu nusu ya simu zilizopigwa kwa kampuni hiyo hazikupita. Miaka sita baadaye, tarehe 4 Juni 1996, roketi ya Ariane 5 ililipuka katika safari yake ya kwanza baada ya vyombo vyake viwili vya kujua mwelekeo kuzimika takriban sekunde 37 baada ya injini kuu kuwashwa. Chombo cha akiba kilitangulia kuzimika, kufumba na kufumbua kabla ya kile chenye zamu, kwa kuwa programu yao ilikuwa moja na kosa lao moja. Msaidizi aliyesomea daftari lilelile atakosea swali lilelile.

Lakini linalonishughulisha zaidi ni la mwaka 2018, maana hapo hakuna mstari uliokosewa. GitHub, msomaji asiyeijua, ni ghala ambamo waandishi wa programu wa dunia nzima huhifadhi kazi zao, wakiwamo vijana wetu wa Dar es Salaam na Nairobi. Jumapili ya tarehe 21 Oktoba, mafundi katika pwani ya mashariki ya Marekani walikuwa wakibadilisha kifaa cha nyaya za mwanga kilichokuwa kikielekea kuharibika. Kwetu ilikuwa usiku wa kuamkia Jumatatu, saa 7 na dakika 52. Kituo kikuu cha kumbukumbu cha mashariki kikapoteza mawasiliano na wengine kwa sekunde 43.

Walioijenga hawakuwa wajinga. Walijua kwamba haifai kumwachia msaidizi mmoja aamue peke yake kwamba bosi wake amekufa. Waliweka waangalizi katika sehemu mbalimbali, na uamuzi ulihitaji wingi wa kura. Kituo kikuu kiliponyamaza, waangalizi waliobaki, wa magharibi na wengine wa mashariki walio nje ya kituo hicho, walipiga kura, wakawa wengi, wakahamishia kazi ya kuandika kumbukumbu pwani ya magharibi. Wengi wape, ndivyo tunavyosema, na kwa kanuni yao wengi hao walikuwa na haki. Ambacho hawakuweza kukiona, kwa kuwa njia ilikuwa imekatika, ni kwamba kituo cha mashariki kilikuwa hai na kwa nukta hizo chache kilikuwa kimepokea maandishi ambayo magharibi haikuyapata. Njia ilipofunguka baada ya sekunde 43, magharibi ilianza kuandika yake. Sasa vilikuwapo vitabu viwili, kila kimoja kikiwa na kurasa zisizomo katika kingine.

Ndani ya dakika kumi hivi wahandisi waliona kwamba mpangilio wa kumbukumbu zao haukuwa ule walioutazamia, na muda mfupi baadaye wakafunga mlango wa mabadiliko yoyote mapya. Hata hivyo magharibi ilikwisha kuandika karibu dakika 40. Wangeweza kuirudisha mashariki kwa nguvu na kuwafurahisha wateja usiku uleule, kwa gharama ya kuzifuta dakika hizo 40 za kazi za watu. Hawakufanya hivyo. Walichagua kuacha huduma iyumbe, wakasimamisha baadhi ya shughuli, wakarudisha nakala za akiba zenye ukubwa wa terabaiti kadhaa, kisha wakaongeza juu yake kilichoandikwa magharibi, hatua kwa hatua, huku wateja wakinung'unika. Shughuli milioni 5 na zaidi zilipanga foleni. Taa ya kijani iliwashwa tena saa 24 na dakika 11 baada ya kukatika kwa sekunde 43. Siku hizo Microsoft ilikuwa katika hatua za mwisho za kuinunua kampuni hiyo, na ununuzi ulikamilika tarehe 26 ya mwezi uleule. Nadhani ilihitaji moyo kuchagua njia ndefu katika juma kama hilo.

Taarifa yao waliitoa hadharani tarehe 30 Oktoba, na nimeisoma zaidi ya mara moja, jinsi nilivyokuwa nikisoma taarifa za tume. Walisema wataufunga ule uwezo wa mashine kuhamisha uongozi wa kumbukumbu kutoka pwani hadi pwani. Na juu ya zile nukta za mwanzo, zilizoandikwa mashariki na zisizofika magharibi, walisema kwamba katika kundi mojawapo la kumbukumbu zao lenye shughuli nyingi kulikuwa na maandishi 954. Walikuwa wameyahifadhi yote, na siku ya taarifa walikuwa bado wanayachambua, kujua yapi mashine ingeweza kuyaunganisha na yapi yangelazimu kuwatafuta wenyewe.